Jumamosi ipi nimpeleke mgeni Bagamoyo akale samaki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi Dar es Salaam, na ofisini kwetu yupo mama mmoja kutoka Ureno aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili. Tangu afike wimbo wake ni Bagamoyo: anataka siku moja tu, aone samaki wakishushwa kwenye chombo, anunue, apikiwe, ale karibu na bahari, jioni turudi. Nimekubali kumpeleka Jumamosi. Wasiwasi wangu ni huu. Mimi kwetu Dodoma, samaki namjua akiwa sahanini. Halafu naogopa nikionekana na Mzungu tutapigwa bei. Na kubwa zaidi, mwezi uliopita alikula jodari wa kuchoma mahali fulani mjini. Hata sahani hajaimaliza, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamgonga, mwili ukamwasha. Wenzetu wanasema ana aleji ya samaki, mwenyewe anakataa. Je, nimpeleke? Tununue nini? (Msomaji, Sinza)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na lile la mwisho, maana lisipokaa sawa hakuna safari.

Mtu aliyekulia Ureno, nchi inayokula samaki kuliko nyingine yoyote katika Umoja wa Ulaya, akidhurika ukubwani kwa sahani moja ya jodari, mimi humshuku jodari kabla ya kumshuku mlaji. Jodari, kibua, nguru, sulisuli na hata dagaa wana kitu kingi kwenye nyama yao kiitwacho histidini. Samaki akishakufa akaachwa juani, au akalazwa kwenye beseni lisilo na barafu, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini. Na histamini ndiyo hiyo hiyo ambayo mwili wa mwenye aleji huimwaga wenyewe, ikaleta wekundu na mwasho. Kwa hiyo dalili zinafanana, na watu wanachanganya. Ubaya wa histamini ni kwamba haiogopi moto. Mchome, mkaange, mchemshe, mgandishe, ikishaingia imeingia. Na samaki huyo anaweza asinuke kabisa. Wapo wanaosema walihisi ukali wa pilipili ulimini wakati mpishi hakutia hata punje.

Muulize mama huyo mambo mawili. Je, kuna mwenzake aliyekula samaki yule yule naye akaumwa? Na je, tangu siku ile amekula samaki mwingine akakaa salama? Majibu ayapeleke kwa daktari kabla ya safari. Aleji ya kweli ipo, inaweza kuziba koo, na haijaribiwi ufukweni. Mimi nimefanya kazi ya samaki maisha yangu yote, lakini udaktari sijasomea, kwa hiyo neno la mwisho hapo si langu.

Daktari akimruhusu, siku hiyo akae upande wa samaki weupe: changu, tasi, chewa, pono. Hao histidini yao ni ndogo na hawana mchezo huo. Nakuonya mapema kwamba atawatamani vibua. Kwao mwezi Juni mitaa ya Lisbon hujaa moshi wa dagaa wakubwa wanaochomwa wazima kwa chumvi ya mawe, na kibua wetu akiwa juu ya mkaa atamkumbusha nyumbani. Mwambie kibua aliyevuliwa saa sita za usiku kwenye chombo kisicho na barafu, ukamnunua saa mbili asubuhi, ameshakaa saa nane kwenye joto letu. Sisi wenyewe tunamla, ni kweli. Lakini kwa mtu aliyetoka kuugua mwezi uliopita, sivyo.

Sasa hiyo Jumamosi. Umeitaja kana kwamba zote ni sawa, na hapa ndipo wageni wengi wa kutoka Dar wanapokosea. Wanafika Bagamoyo saa sita mchana siku yoyote, wanakuta meza tupu na samaki wa jana, wanasema Bagamoyo hakuna kitu. Soko la samaki halijui wikiendi. Linafuata mwezi, maji na upepo, kwa hiyo kabla hujaweka miadi na mtu tazama juu.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, ambapo bahari inatoka kidogo na kurudi kidogo. Siku za bamvua katika pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, saa nne ndiyo yamejaa. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Ukishajua leo ni mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwandamo, huhitaji kumuuliza mtu. Wazee wa pwani wanahesabu kwa kalenda ya Kiislamu, na ukiwa na jirani anayefuata mwandamo, huyo anakutosha.

Mwezi una kazi nyingine. Vyombo vinavyovua dagaa na vibua kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za jenereta au za sola, vinahitaji giza. Samaki hao hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa imetanda bahari nzima, taa yako haimwiti mtu, na wavuvi wengi wa taa hupumzika siku hizo wakashona nyavu. Kwa hiyo Jumamosi iliyo karibu na mwandamo, tuseme kati ya mwezi 27 na mwezi 4, ndiyo yenye pilikapilika asubuhi: vyombo vya usiku vinaingia, wabebaji wanakimbia na matenga, wachuuzi wanagombania. Hiyo ndiyo picha anayoitafuta mgeni wako, hata kama hao vibua hawali. Na kwa kuwa ni bamvua, asubuhi maji yanakuwa yanapwa, vyombo vinatia nanga mbali, na samaki hubebwa begani kwa miguu juu ya mchanga uliolowa. Ni mandhari nzuri kuliko yoyote ya hotelini.

Kuna na upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na bahari huwa tulivu kiasi. Kusi huja baada ya hapo hadi kwenye Septemba, na miezi ya Juni hadi Agosti huwa mkali. Ngalawa na mitumbwi mingi haitoki, na kile kidogo kinachofika kinapanda bei. Masika yenyewe, Machi hadi Mei, barabara na mawingu yatakusumbua, lakini ndiyo neema ya kamba. Kaskazini ya mji mto Ruvu unaingia baharini kupitia mikoko, na kamba wadogo hukulia humo. Mvua zikiusukuma mto, hutoka. Mto huo huo ndio unaoyafanya maji ya Bagamoyo kuwa na rangi ya udongo. Mwambie mgeni mapema asije na picha ya maji maangavu ya Nungwi, Zanzibar, kichwani.

Mkishachagua siku, ondokeni Sinza saa kumi na moja alfajiri. Bagamoyo ni kilometa kama 70 kutoka katikati ya jiji. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, mnafika. Vijijini mwendo ni 50, na askari wa barabarani Jumamosi hawalali. Kama hamna gari, mabasi madogo yapo kutoka Makumbusho, ila hamtawahi mnada wa kwanza.

Soko liko ufukweni, jirani na jengo la forodha la Wajerumani la mwaka 1895. Ukifika, usinunue kitu kwa nusu saa ya kwanza. Simama usikilize. Samaki wakishushwa huoshwa, hupangwa chini kwa mafungu, na wakubwa hulazwa mmoja mmoja. Mnadi anasimama juu yao, anataja bei ya kuanzia, na wachuuzi wanaipandisha: huyu kwa kidole, yule kwa kutikisa kichwa, mwingine kwa kutaja tu kiasi anachoongeza. Inakwenda upesi mno, na mgeni akinyanyua mkono kujikuna anaweza kujikuta na tenga la taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Msiingie kwenye mnada. Wanaonunua pale ni wenye hoteli, wachuuzi wa kwenda mjini na mama karanga, yaani wanawake wanaokaanga samaki palepale, wanaojuana tangu zamani. Sikiliza fungu la changu limeishia ngapi, fungu la pili, la tatu. Ukishapata wastani, mfuate mchuuzi aliyenunua, umwambie unataka wawili watatu. Lazima apate cha juu, ndiyo kazi yake. Lakini sasa unajua amenunua kwa ngapi, naye anajua kwamba unajua.

Kuhusu Mzungu: usimfiche, mtu mzima haachwi kwenye gari kama kapu. Asimame nawe, ashike samaki, aulize. Ila bei zungumza wewe, na asitoe yuro. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma nchini kulipwa kwa fedha za kigeni, na mchuuzi mwenyewe hana haja nazo. Shilingi ndogondogo mkononi, au lipa kwa simu. Usione aibu kuondoka. Mara nyingi bei nzuri huitwa ukiwa umeshageuza mgongo.

Sasa tazama samaki mwenyewe, na hapa wewe mtu wa Dodoma huna upungufu wowote, macho na pua unavyo. Chukua changu, mweke mkononi ukimshika kichwani. Aliyevuliwa punde amekakamaa, mkia hauinami. Jicho limejaa, jeusi katikati, linang'aa. Likiwa limezama na lina ukungu, mrudishe. Kisha funua kifuniko cha shavu kwa kidole gumba. Mashavu ya ndani, yale anayopumulia, yawe mekundu ya damu mbichi, na ute wake uwe mwangavu. Mashavu yakishakuwa ya kahawia na ute mzito, huyo ni wa jana au juzi, haijalishi mchuuzi anaapa kwa nani. Bonyeza nyama karibu na uti: kidole kikiacha shimo, mwache. Mwisho nusa shavu hilohilo. Samaki mbichi hunuka bahari. Kuna ujanja wa kumwagia maji kila dakika ili ang'ae, ila maji hayabadilishi rangi ya mashavu.

Jambo moja mchuuzi hatakwambia. Pwani yetu imeumizwa sana na uvuvi wa baruti, ambao Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inaukataza. Umepungua, nami nimeuona ukipungua, lakini jicho usilifumbe. Samaki wa baruti kwa nje anaweza kuwa mzuri tu. Akipasuliwa, utakuta damu imevilia kando ya uti, utumbo umechanika, pengine na uti wenyewe umevunjika, na nyama inalegea upesi. Kwa hiyo ukinunua mkubwa, mwombe mpara samaki ampasue mbele yako kabla hujalipa wa pili. Ukikuta hivyo, huna haja ya kugombana na mtu. Nunua kwingine.

Kambakochi akiwa na mayai chini ya tumbo, usimnunue hata kwa bei ya bure. Pweza chini ya nusu kilo haruhusiwi kuvuliwa. Na nyama ya kasa, ikitokea mtu akakunong'oneza, ondoka: ni marufuku, na pia inaua. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, walikufa watu 9 waliokula kasa, 8 kati yao watoto.

Pweza nitamtenga, maana Mreno atamuulizia. Wanaovua pweza kwa mguu huingia mwambani maji yakipwa, yaani siku ya bamvua saa nne, saa tano. Wanarudi na maji saa sita, saa saba. Pweza utakayemkuta sokoni asubuhi ni wa jana. Kwa hiyo mezani muweke samaki, na pweza mnunue mchana mkielekea kuondoka, mkamchemshe nyumbani. Akiwekwa kwenye friza siku moja kwanza atalainika bila kupigwa mawe.

Mapishi. Kuna mama lishe jirani na soko na migahawa midogo mjini ambayo itakupikia ulichonunua. Patana kila kitu kabla hujamkabidhi samaki: kupika ni kiasi gani, mkaa na nazi ni vya nani, wali au ugali umo au haumo. Usimharakishe. Ukimkabidhi saa tatu, utakula saa saba, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu nakushauri uagize changu wa kupaka.

Anachanjwa mbavuni hadi karibu na mfupa, anapakwa chumvi, ndimu, kitunguu thumu na tangawizi iliyotwangwa, anakaa. Wakati huo tui zito limewekwa jikoni na bizari, pilipili mbichi na ukwaju kidogo, linakorogwa bila kuachwa mpaka linashika mwiko. Samaki anachomwa kwanza akiwa mkavu. Ngozi ikishaanza kupasuka ndipo anapakwa lile tui, anageuzwa, anapakwa tena, anageuzwa. Tui linaingia kwenye zile chanjo na jingine linadondokea mkaani, na moshi wa nazi unarudi juu. Mpishi anayemwaga tui lote mara moja juu ya samaki aliyekwisha kuiva amekupa mchuzi, hajakupa kupaka. Nasema hivyo nikijua wapo watakaonipinga. Aliwe na wali, kachumbari yenye ndimu, na muhogo wa kukaanga wa kuanzia. Tasi wadogo wakaangwe wakavu, muwatafune mkisubiri.

Kama ni Ramadhani, jua kwamba mama lishe wengi mchana hawapiki, na kukaa ufukweni mnakula mbele za watu waliofunga haipendezi. Chagueni mwezi mwingine, au kaeni mpaka futari. Kwa nguo, mama ajifunge kanga juu ya suruali, abebe na ya mabegani. Viatu viwe vya kulowa, pekupeku hapana: mchanga wa sokoni una ndoana na miiba ya taa. Picha aombe kwanza, hasa akiwalenga wavuvi wenyewe. Akiomba kwa Kiswahili cha kubabaisha, wengi watakubali wakicheka.

Kuanzia saa tatu hadi chakula kiive kuna muda. Wengi humpeleka mgeni Ngome Kongwe na misheni ya Wakatoliki ya 1868, ambapo mwili wa Livingstone ulipitishwa 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Ni sawa, ila mimi ningemtoa mjini. Kilometa kama tano kusini kuna magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, na chini yake mikoko unayoweza kutembea kando yake maji yakiwa yamepwa. Mkipita Kaole mnafika Mbegani, kwenye chuo cha uvuvi ambako nilifundisha, na jirani yake kijiji cha Mlingotini. Hicho ndicho kijiji cha wavuvi anachokiota mgeni wako, hakina duka la vinyago. Kinamama wa pale wanalima mwani kwenye kamba, na maji yakipwa saa nne utawaona wameinama mashambani mwao. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, umsalimie, useme mmekuja kutembea.

Kwa safari ya kurudi, njoo na deli lako kutoka nyumbani na barafu nusu yake. Kwa joto letu kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu, tabaka la barafu, tabaka la samaki, tabaka la barafu. Samaki wawe wameshaparwa na kutolewa utumbo. Pweza muweke kwenye mfuko wake, wino wake utapaka kila kitu. Muondoke Bagamoyo kabla ya saa kumi, maana baada ya hapo foleni ya Tegeta hadi Mwenge itawala barafu zenu zote.